Kanda la Chumvi Lisiloshonwa

Mwanangu Zaina,

Nakusalimu nawe ungali ndani ya nyumba yangu, chumba cha pili tu kutoka hapa nilipokaa, nikisikia unavyocheka na shangazi zako. Utashangaa kupata barua ya mtu uliyekula naye mchana. Hata mimi nashangaa. Tangu adhuhuri nimekuwa nikikuita, na kila ukija nakutuma kitu: maji, mkeka, kisha maji tena. Ulidhani baba yako amechanganyikiwa kwa sababu ya safari yako. Kumbe nilikuwa na neno la kukuambia na mdomo ukanigomea. Basi nimechukua kalamu, maana karatasi hainitazami usoni.

Ya jikoni, ya mume na ya mawifi mama yako amekwisha kukueleza, na shangazi zako wameongeza mpaka wamepitiliza. Siyarudii. Mimi nina jambo moja. Linamhusu mzee Kalume, baba wa mchumba wako Saidi, na linanihusu mimi, na lazima ulijue kabla hujaingia nyumbani kwake Kabambare. Sharti hilo aliliweka yeye mwenyewe, siku alipokuja kukuposa. Nilikubali, kisha nikakaa kimya miezi yote hii, na kesho asubuhi unaondoka.

Mafuta yangu ya mishipa unayajua kuliko mtu yeyote, umeyapika pamoja nami tangu ulipokuwa unashindwa kuinua mwiko. Mbarika, tangawizi iliyopondwa, karafuu kidogo, na pilipili ile ndogo inayomliza mpishi. Tunayatia katika vibuyu vidogo, kila kibuyu nimekichoma alama ya duara shingoni. Watu wa Kasongo wakikazwa na misuli hawatafuti mganga wala ramli. Mtu anafika sokoni, anasema mguu unamkaza, anapewa kibuyu, anakwenda zake. Nimejisifu sana kwa hilo, na wewe umenisikia. Nilikuwa nasema waganga wana maswali mengi mno, kwangu dawa iko juu ya mkeka, chukua.

Kwa nini sikuwa nikiuliza? Kwa sababu niliogopa majibu. Mafuta yale yanaunguza ngozi mpaka mtu anasahau mshipa uliokaza chini yake. Kwa aliyelala vibaya, au aliyelima kutwa nzima amejikunja, yanatosha kabisa, joto na kuchuliwa vinamlegeza. Lakini kuna mtu ambaye mwili wake unakaza kwa sababu umekaukiwa, na huyo ukimpaka unamwongezea moto tu. Hilo nililijua tangu wewe hujazaliwa. Aliniambia mzee Kalume, akiwa amelala chini, na mimi nimesimama juu yake.

Wakati huo sikuwa na mkeka sokoni. Nilikuwa nyampara wa wapagazi, kijana mwenye sauti kubwa na fimbo, na tulikuwa tukitoka Ujiji kuja Kasongo na mizigo ya chumvi ya Uvinza. Chumvi ilifungwa katika makanda ya ukindu, na kila kanda limeshonwa mdomo kwa uzi wa tajiri wetu. Sheria ya msafara ilikuwa kwamba kanda lililoshonwa Ujiji hufunguliwa Kasongo, mbele ya tajiri mwenyewe. Uzi ukikutwa umekatwa, nyampara ndiye mwizi. Nilikuwa naupapasa uzi wa kila kanda asubuhi na jioni, hata kabla ya kutazama nani ameamka na nani hakuamka.

Vibuyu vya mafuta nilikuwa navyo tayari, biashara yangu ndogo ya njiani. Wapagazi walivinunua kwa shanga za posho yao, nami nikaona nawasaidia.

Kalume tulimpata Kabambare, mtu wa kwao huko huko, Mubangubangu, muungwana aliyejiajiri kwa hiari yake. Alikuwa na kifua kipana na alikuwa anaimba. Akiimba yeye, msafara mzima ulikuwa unatembea vizuri, na mimi nilimpenda kwa hilo, kama mtu anavyompenda punda asiyesumbua. Sikuwahi kumwuliza ana mke, ana mama, au alitaka kununua nini kwa ujira ule. Nilimwita mshenzi, kama nilivyowaita wote, na yeye aliniita Bwana.

Baada ya Kabambare jua lilikuwa kali mno. Njia ilipita kwenye majani marefu yasiyo na kivuli, na wapagazi walikuwa wanachuruzika jasho mpaka makanda yanalowa kichwani. Kalume aliacha kuimba. Halafu shavu la mguu wake likamkaza, akaanguka na mzigo. Nilimpaka mafuta. Alipiga kelele, akasimama, akatembea, na mimi nikawageukia wengine nikawaambia, mnaona dawa?

Kesho yake ilikuwa miguu yote miwili, na mikono, na tumbo likawa gumu kama ubao. Tulikuwa tumekaribia kijiji cha Lusangi. Nilimchua tena, safari hii nikazidisha, na pale ngozi ilipokuwa imechubuka kwa kuanguka pilipili iliingia ndani. Hakulia. Aliniambia taratibu tu, kama mtu anayemweleza mtoto:

"Bwana, mafuta hii haisaidie. Mu mwili yangu chumvi imeisha, imetoka yote na jasho. Kwetu mutu akikazwa hivi wanamupa maji na chumvi, analala kidogo, anaamuka. Munipe kidogo tu. Iko hapa, nimeibeba mimi mwenyewe."

Zaina, nilimsikia vizuri. Sitaki udhani kwamba sikuelewa lugha yake au kwamba kulikuwa na kelele. Nilimsikia, na moyoni nikasema huenda ni kweli. Lakini nilikuwa nimewatangazia watu dawa yangu, na uzi ulikuwa wa tajiri, na nyampara hafundishwi kazi na mpagazi aliyelala chini. Nikamjibu, "Chumvi si yako. Dawa yako ndiyo hii."

Tulipopumzika nilimkuta ameuweka mdomo wake kwenye kanda. Uzi ulikuwa mzima. Alikuwa analamba ukindu, pale jasho lake lilipoingia na kutoka na chumvi ikakauka nje. Alikuwa analamba jasho lake mwenyewe, mwanangu. Nikamwita mwizi mbele ya wote, nikampiga fimbo mgongoni, na wale wenzake niliwalazimisha watazame.

Baada ya hapo hakuweza kusimama tena. Kanda lake nikawapa wengine walibebe kwa zamu, na yeye nikamwacha kando ya njia, chini ya majani, Lusangi ikionekana moshi wake kwa mbali. Nilijiambia watu wa kijiji watamwokota. Sikumtuma mtu kuwaambia. Pembeni yake niliweka kibuyu kimoja cha mafuta, na sikumdai shanga, na nilipoondoka nilijiona mtu mwenye huruma. Hiki ndicho kinachoniunguza kuliko hata fimbo. Fimbo nilijua ni fimbo.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hili sijamwambia hata mama yako. Siku chache mbele tulivuka mto uliokuwa umefurika. Mpagazi mmoja aliteleza, kanda likaangukia majini, na tulipolivuta nje lilikuwa jepesi, limebaki mkeka mtupu. Uzi wake haukuwa umekatwa. Nilifika Kasongo, nikaenda moja kwa moja kumwonyesha tajiri. Akaupapasa uzi, akasema, "Mto umechukua, kazi ya Mungu," akaniagizia chakula. Haikumuuma hata kidogo. Mto ulipewa kanda zima bila ugomvi, na Kalume aliomba kiasi cha kujaa kiganja. Nililetewa mboga zilizotiwa chumvi vizuri, nikala zote.

Niliacha unyampara mwaka huo. Watu walidhani nimechoka na safari, na mimi niliwaacha wadhani hivyo. Nikatandika mkeka sokoni na kuanza kuuza mafuta yale yale, katika vibuyu vile vile. Ningeweza kuuza chumvi. Ningeweza angalau kumwuliza mtu, jana ulifanya kazi gani, umetoka jasho, umekula nini. Maswali mafupi tu. Lakini kila swali lilikuwa linanirudisha Lusangi, basi nikauza bila kuuliza na kujisifu juu yake.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, tulipovuna mpunga, ukashinda juani na mama yako? Jioni miguu yako ilikaza ukawa unalia na kujikunja kwenye kitanda. Mama yako alikimbilia kibuyu. Nikamnyang'anya. Nikachemsha mchuzi, nikatia chumvi, nikakunywesha kidogo kidogo, nikakunyoosha vidole vya miguu kuelekea kwako polepole mpaka ukasinzia. Mama yako alisimama mlangoni akinitazama, akasema, "Mutu anauza dawa sokoni, lakini mutoto wake anamupa muchuzi?" Nilicheka, nikamwambia mafuta yatakuunguza, ngozi yako ni laini. Alikubali. Wewe ulikulia na hadithi hiyo, kwamba baba alikuhurumia ngozi. Ukweli ni kwamba nilikupa dawa ya Kalume. Kumbe nilikuwa nayo siku zote, na wa kumpa nilimwona ni wewe tu.

Umeona baba yako alivyo. Naendelea.

Siku ya posa walipoingia uani, sikumtambua. Nilimwona mzee mwenye ndevu nyeupe, kanzu safi, anatembea vizuri. Tulisalimiana, wakaweka vitu vyao mkekani, vitambaa, mchele, mbuzi amefungwa mlangoni. Halafu yeye akatia mkono ndani ya mfuko wake, akatoa kibuyu kidogo kikuukuu, akakiweka mbele yangu, mbali na vitu vingine. Kilikuwa kitupu. Shingoni kina duara langu. Shangazi zako walicheka, wakasema mukwe ni mteja wa zamani. Mimi nilitazama miguu yake, na kwenye shavu la mguu wa kushoto nikaona ngozi iliyosinyaa, pale pilipili ilipoingia kwenye jeraha.

Nilitamani angenitukana. Angenitukana ningejua la kufanya. Alikula, akaomba dua pamoja nasi, akasifu wali wa mama yako. Tulipokwenda kutawadha kwa ajili ya alasiri tukabaki wawili tu penye mtungi. Nikaanza kusema, sijui hata nilianza kusema nini, na yeye akanizuia kwa mkono.

"Mukwe," akaniambia. Si Bwana tena. "Mimi sikukuja kwa ile. Ile nimeibeba miaka mingi, nimechoka, nimekuletea, ni yako. Mutoto wako nimemuona, namupenda, na mwana wangu anamupenda. Lakini asiingie mu nyumba yangu bila kujua. Bibi yangu ni mutu wa Lusangi, ni yeye alinitoa mu majani. Zaina atakula mu mikono yake. Haifai akule bila kujua. Umuambie wewe mwenyewe, kwa kinywa yako. Mimi sitasema, na bibi yangu hatasema."

Nikamwuliza, "Na nikishindwa?"

Akaendelea kutawadha mpaka akamaliza miguu. "Utashindwa vipi? Mutu ya kuambia iko na wewe kila siku mu nyumba."

Basi nimeshindwa. Alisema kwa kinywa, na mimi nimeandika. Utamwomba radhi kwa hilo pia.

Mama wa Saidi ndiye aliyekuwa anatoka mtoni siku ile akasikia mtu anakoroma majanini. Aliita ndugu zake wakambeba. Alimpa mchuzi wa chumvi ile nyeusi chungu wanayoichoma wenyewe kutokana na majani ya mabwawa, akamfunika kitambaa cha moto miguuni, akamchua bila mafuta yoyote. Baadaye wakaoana. Hayo nimeyapata kwa Saidi mwenyewe, ambaye anayasimulia kama hadithi nzuri ya wazazi wake. Anasema baba yake aliugua njiani, msafara ukamwacha. Anasema "msafara", na kila akisema namtazama nione kama anajua. Hajui. Mzee huyo amemficha mwanawe jina langu ili mimi nipate nafasi ya kuwa mtu.

Kwa hiyo unakwenda katika nyumba ambayo ipo kwa sababu nilishindwa kuiua. Sijui namna nzuri zaidi ya kulisema. Ukikaa na mkweo mwanamke akikukatia ndizi, ujue ni nani. Akikuita mwanangu, ujue ni nani anayekuita hivyo, na ni mtoto wa nani anayeitwa.

Nikaha itasomwa huko Kabambare, na mjomba wako nimempa uwakala. Nimemwambia neno moja zaidi: Zaina akisema turudi, mrudi siku hiyo hiyo, hata mkiwa mmefika mlangoni, na mtu asimwulize kwa nini. Aliniangalia sana lakini aliapa. Ukiona huwezi kuwatazama watu wale, rudi. Na ukiona huwezi kunitazama mimi, usirudi, kaa nao, watakuwa wazazi kuliko mimi. Saidi ni kijana mwema, na wewe unampenda, nimeona unavyojitia kutopenda. Sitaki uikose nyumba hiyo kwa ajili yangu. Ila pia sitaki uipate kwa kudanganywa.

Vibuyu vya mafuta nimeona umevitia sandukuni, unataka kuwauzia watu wa Kabambare. Sikuvitoa. Si vibaya, kwa mgongo uliochoka vinafaa. Ila mtu akija kwako akikunja mguu, kaa naye kwanza kabla ya kunyoosha mkono. Ukikuta taya linamkaza na ana kidonda mguuni, hiyo ni pepopunda, huyo si wa mafuta wala wa chumvi, waite watu wake upesi na usimwache peke yake. Mimi nimeanza kuuliza, tangu siku ya posa. Wateja wanaona ajabu. Juzi mama mmoja muuza samaki aliniambia nimekuwa mganga mwenye kelele. Kibuyu cha Kalume nimekiweka juu ya mkeka, kitupu vile vile, na mtu akitaka kukinunua nasema hakiuzwi.

Jambo la mwisho, halafu nitakuita tena nikutume maji ili uikute barua hii kitandani pako ukirudi.

Katika mizigo yako ya kesho kuna kanda moja la chumvi. Shangazi zako watacheka, nani anapeleka chumvi Kabambare, mahali inapopitia kuja kwetu? Waache wacheke. Inarudi kwa mwenyewe. Ni la mzee Kalume na mkewe, na utalitua wewe kwa mikono yako. Mdomo wake sikuushona. Mama yako alinipa sindano na uzi mara mbili, mara mbili nikaurudisha, akaninunia akisema itamwagika njiani. Imwagike.

Atakayelibeba ni mpagazi mmoja kijana wa kabila la Wamaza, mrefu, ana shanga nyekundu mkononi. Nilimwita leo uani nikamwonyesha mdomo ulio wazi, nikamwambia, ukitoka jasho sana chota ule, na wenzako wape, hutaulizwa na mtu. Hakuniamini. Alinitazama mimi, akatazama kanda, akarudi nyuma hatua moja na mikono yake akaificha mgongoni, kama mtu anayetegwa ili apigwe. Nikamwambia tena, akasema, "Ndiyo, Bwana," na nikajua hatagusa hata chembe mpaka Kabambare.

Mwambie wewe, mwanangu, mkishafika kwenye majani marefu. Huenda wewe atakuamini.

Baba yako.